Mugisho na Lengalenga ya Shively

"Mwezi wa saba mtakuja kwangu, na kama mtakuta kwenye sahani zenu jani hata moja la kununua, mjukuu wa kwanza mumupe jina lenu, na mimi nitakaa kimya mpaka Yesu arudi!"

Mugisho aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, amesimama, tai imemkaba, mbele ya watu themanini. Ilikuwa Desemba ya 2014, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa moja East Side, Buffalo, theluji imefika usawa wa madirisha. Familia mbili zilikuwa zimekutana kujuana kabla ya harusi: binti yake Chimène alikuwa anaolewa na kijana wa mzee Rugaba. Wenyeji walikuwa wamepika ugali, samaki, mbuzi, na sufuria moja ya mboga za majani zilizotoka kwenye pakiti ya friji. Mugisho alionja kijiko kimoja cha ile mboga. Akatafuna taratibu kama mtu anayesoma mkataba. Kisha akaomba kusema neno, na yule aliyempa kipaza sauti hakujua anachofanya.

"Ba-Buffalo, tunawashukuru sana. Nyama iko muzuri, samaki iko muzuri. Lakini hii mboga..." Akafanya uso wa msibani. "Hii mboga ilikufa zamani na hamukuizika. Bon. Kwangu Shively mtakula lengalenga ya shamba yangu, niliyopanda na hii mikono, nyuma ya nyumba yangu. Watu mia mbili mtashiba!" Ndipo akamalizia na lile la mjukuu.

Simu zaidi ya kumi zilikuwa hewani zinarekodi. Wanawake wa Buffalo walipiga vigelegele vya kejeli. Mzee Rugaba, mrefu, mkimya, anayefanya usafi katika kiwanda kule Lackawanna na kutembea kana kwamba kiwanda ni chake, aliinuka akampa mkono.

"Mkwe, nimesikia," alisema. "Na hawa wote wamesikia."

Hakuna aliyekuwa amemwomba Mugisho aweke dau. Jina la mjukuu wa kwanza lilikuwa lake tayari. Rugaba ana wana saba na wajukuu tisa, sita kati yao ni Rugaba kwa njia moja au nyingine, hata mwenyewe akiita mmoja nyumbani kwake wanaitika wanne. Siku ya kuleta mahari alikuwa amekubali kwa moyo mweupe: mtoto wa kwanza wa Chimène ataitwa Bagula, jina la baba yake Mugisho. Kwa hiyo Mugisho alikuwa na kitu chake mfukoni, kimetulia, akakitoa akakiweka mezani kwa sababu ya mboga.

Na kitu chenyewe hakikuwa kidogo. Mzee Bagula alifia njiani, mwaka wa kukimbia vita, akazikwa haraka kwenye migomba ya watu wasiowajua, mbali na Walungu kwao. Mugisho hana mtoto wa kiume. Ana mabinti watatu. Alikuwa ameshakubali mengi maishani: miaka kumi na moja ya kambi kule Nakivale, Uganda, kuletwa Kentucky mwaka 2011 bila kuulizwa kama anapenda farasi, kunyanyua maboksi ya watu wanaonunua viatu wakiwa kitandani. Alichotaka ni kimoja tu, kwamba kabla hajafa asikie mtu anafokewa kwa jina la Bagula. "Bagula, toka kwenye matope!" Basi.

Sasa kwa nini alikuwa na uhakika kiasi hicho? Kwa sababu lengalenga, ambayo Watanzania huiita mchicha na kuipika kana kwamba imewakosea kitu, ndiyo jambo pekee ambalo Mugisho analijua kuliko wote waliomzunguka. Kule Walungu alikuwa bwana shamba, mtu wa buti na daftari, anayepita vijijini kuwaambia watu wapande kwa mistari. Watu walimsikiliza, wakamkaribisha kinywaji, akishaondoka wakapanda walivyotaka. Shively ilimpa kisasi. Alikodi nyumba ndogo ya matofali yenye ua mkubwa nyuma, na nusu ya ua akaifanya shamba: mistari kumi na minne imenyooka kama wanafunzi wa misheni.

Kanisani alisema mbegu zilitoka Walungu, zimevuka mipaka mitatu ndani ya pindo la gauni la mke wake, na mama mmoja alilia. Ukweli ni kwamba mbegu alizikuta nyuma ya ghala anakofanya kazi, zimeota zenyewe kando ya pipa la takataka. Mke wake Nyirabeza, ambaye pindo la gauni lake halijawahi kubeba chochote, alisikia ile hadithi akaangalia dari.

Jirani upande wa kulia ni mzee Earl, miaka sabini na minne, mjane, mstaafu wa kiwanda cha wiski. Shively imeshikamana na Louisville kama kupe, lakini yenyewe inajiona mji, na watu wake wana tabia za mji mdogo wa Kusini: wanakaa barazani, wanapungia mkono kila gari, na wanajua nani amekuja kwako na ameondoka saa ngapi. Earl alishindwa jina la Mugisho siku ya kwanza akamwita Mo. Mugisho naye alimwita "Bwana Eri". Wakapatana.

Na kuna jambo moja la watu wa kule ambalo hakuna anayekufundisha kwenye darasa la wakimbizi. Mtu wa Kentucky akiona una shida, hakuulizi kama unahitaji msaada, maana unaweza kusema hapana. Anangoja uondoke, anakusaidia.

Alhamisi ya wiki ya harusi, siku mbili kabla, Mugisho alirudi kutoka kazini saa tisa mchana. Lengalenga ilikuwa imemfika kiunoni, nene, mashina mekundu, na alipanga kuanza kuvuna kesho yake alfajiri. Alipita pembeni mwa nyumba kwenda kuisalimia, kama kawaida yake. Akasimama.

Nyirabeza alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, anakula tikiti maji.

"Karibu," alisema. "Kuna tikiti."

"Lengalenga iko wapi?"

"Umesimama juu yake."

Mugisho aliangalia chini. Ua wote, kutoka ngazini mpaka kwenye uzio, ulikuwa umenyolewa kama kichwa cha kuruta. Hata mistari haikuonekana. Hewa ilinuka kijani.

"Nani?"

"Bwana Eri. Na kile kitrekta chake anachokalia. Mi nilikuwa kwa fundi, napimisha nguo ya mtoto wako. Nimerudi nakuta anatoka. Alikuwa anaimba." Nyirabeza alitema mbegu. "Akanipa tikiti. Nikamwambia thank you mara tatu. Sikuwa nimeona nyuma."

"Ulimwambia thank you?"

"Mara tatu, Papa Chimène. Na Mungu akubariki juu yake."

Mugisho alipiga magoti akapekua majani yaliyokatwa. Yalikuwa yamesagwa vipande vidogo, yamechanganyika na nyasi na mavi ya mbwa wa jirani wa kushoto. Hata mbuzi angeomba muda wa kufikiri.

Akampigia simu Selpher. Selpher ni Mkenya, ana duka la vyakula vya kwetu Columbus, mwendo wa saa tatu na kidogo, na ndiye pekee katika upande ule mwenye lengalenga ya kutosha kulisha harusi. Mugisho alilainisha sauti.

"Selpher, mama, una lengalenga, ile mnaita terere?"

"Niko nayo, Baba Chimène. Unataka kiasi gani?"

"Donc... maboksi kumi. Iko ya jirani."

"Jirani mgani? Yule mzungu?"

"Anaipenda sana."

Selpher alicheka mpaka akakohoa. "Aki Baba Chimène! Kwani shamba imeenda leave?" Kisha akateremsha sauti. "Sikiza nikuambie kama dadako. Rugaba na watu wake wanalala hapa Columbus kesho, wako na van tatu. Ameshanipigia. Ameniambia nikiuza terere yoyote iende Kentucky wiki hii, nimjulishe. Na mimi siwezi danganya mtu wa kanisa."

"Mimi pia niko mtu wa kanisa!"

"Wewe ni customer mdogo. Yeye ananunua unga ya Buffalo nzima."

Hapo Mugisho alivuka ua kwenda kumgombeza Earl. Tatizo ni kwamba Kiingereza chake chote alijifunzia ghalani, na ghalani hawafundishi hasira. Wanafundisha usalama kazini. Aligonga mlango, Earl akafungua akitabasamu, na Mugisho akatoa alichokuwa nacho.

"Bwana Eri! Hii si usalama! Hii si usalama kabisa! Umefanya tukio! Lazima turipoti hili tukio!"

Earl alidhani kuna mtu ameumia. Ilichukua dakika kumi, mikono, picha moja kwenye simu, na Chimène kwenye spika kutoka saluni, mpaka mzee akaelewa kwamba magugu aliyoyafyeka kwa wema wake, ili wageni wa harusi wasiione aibu ya Mo ambaye hana muda wa kukata nyasi, yalikuwa chakula cha harusi yenyewe.

Earl aliketi kwenye kiti cha barazani. Alivua kofia.

"Mo," alisema, "yale ni majani ya nguruwe."

"Iko mboga."

"Sisi tuliyaita majani ya nguruwe. Nguruwe ndio waliokula." Akaangalia barabarani kama kuna mtu anasikiliza. "Na sisi. Mwaka baba alipovunjika mguu, mama alitupikia kiangazi kizima. Usije ukamwambia dada yangu kwamba nimekwambia." Kisha akavaa kofia. "Kesho asubuhi panda gari langu. Binamu yangu Delbert anayo mpaka anatukana."

Ijumaa walikwenda kusini mwendo wa saa moja na nusu, mpaka kwenye mji mdogo wenye taa moja ya barabarani, makanisa manne, na duka moja linalouza petroli, kuku wa kukaanga na minyoo ya kuvulia samaki, vyote kaunta moja. Kila mtu aliyekuwa barazani aliwapungia. Earl alijibu kwa kuinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Mugisho alipunga mkono mzima, tena yote miwili, na kufika shambani alikuwa amechoka.

Delbert alikuwa mnene, mwekundu, na alidhani Earl amemletea kibarua. Aliwapeleka nyuma ya banda la zamani, kwenye ekari mbili ambazo hakuwa amelima mwaka ule. Mugisho alishuka garini, akashika mlango.

Lengalenga ilifika kifuani. Ilianzia bandani ikaenda mpaka kwenye miti, bila mstari, bila bwana shamba, bila mtu yeyote kuipenda. Aliyasugua majani kwa vidole, akayanusa, akaonja moja. Aliwahi kuwaona wanaume wakilia mbele ya nyumba mpya, mbele ya pasipoti. Yeye alilia mbele ya magugu ya Delbert.

"Ana nini?" Delbert aliuliza.

"Anaozesha binti kesho," alisema Earl.

"Kwa hiyo wanayala?"

"Wanayala."

"Kwa hiari yao?"

Walijaza gari mpaka juu. Mugisho alichuma peke yake, hakukubali mtu aguse, kwa sababu alikuwa ameapa kwa mikono yake na sasa alikuwa anajenga hoja. "Sikununua," alijisemea kwa kila tawi. "Mikono ni yangu. Duka hakuna." Kwenye suala la shamba lake, nyuma ya nyumba yake, alipita haraka.

Wakati wa kurudi walisimama kwenye lile duka la petroli na minyoo. Kwenye kaunta alikuwa Miss Darlene, mama wa miaka sitini na kitu, nywele zimesimama kwa dawa, anayemwita kila mtu mpenzi hata polisi. Alichungulia dirishani akaona gari limejaa majani ya nguruwe na Mwafrika mdogo mwenye macho mekundu ameketi juu yake, ameyakumbatia yasipeperuke.

"Earl, mpenzi, yule bwana anakwenda wapi na yale?"

"Ni ya harusi ya binti yake. Kesho, Shively, nyumba ya jirani na yangu. Watakula."

Miss Darlene aliweka mkono kifuani. Earl hakuona kitu. Alikuwa anachagua kuku.

Jumamosi ilifika na jua lake. Hema lilikuwa limesimama palepale kwenye ua ulionyolewa, na lazima isemwe, ua ulipendeza. Msafara wa Buffalo ulitua saa saba, Rugaba mbele, suti ya kijivu, na kitu cha kwanza alichosema baada ya salamu ni kwamba angependa kuona shamba.

"Tulivuna yote," Mugisho alisema.

"Hata mashina?"

"Sisi watu wa Walungu hatuachi kitu."

Rugaba aliangalia nyasi. Lakini chakula kilipokuja, na lengalenga ikaletwa imepikwa na Nyirabeza kwa mawese, karanga na kitunguu, yule mzee alikula sahani ya kwanza, akaomba ya pili, na kwenye ya tatu akalegeza mkanda. Wanawake wa Buffalo waliokuja kukejeli walikuwa wanauliza kama kuna ya kubeba. Rugaba alifuta mdomo.

"Mkwe," alisema, sauti ya kusikika meza mbili, "nilipiga simu Columbus, Selpher akasema hajauza hata jani. Nimeshindwa. Bagula atazaliwa."

Ndiyo ilikuwa saa nzuri kuliko zote katika maisha ya Mugisho huko Amerika. Ilidumu kama dakika nne.

Mabasi mawili madogo ya kanisa yaliingia, yakapaki juu ya nyasi. Wakashuka kina mama kumi na moja wa kizungu, wote wana mabakuli ya kioo yaliyofunikwa kwa karatasi ya fedha, na chini ya kila bakuli jina la mwenyewe limebandikwa. Mbele alikuwa Miss Darlene. Kabla mtu hajajua la kufanya walikuwa wamepita meza kwa meza wanapakua: viazi vya jibini, makaroni ya jibini, na maharage mabichi yaliyookwa ndani ya supu ya uyoga. Miss Darlene mwenyewe alimpakulia Rugaba, akamwita mpenzi, kisha akaomba kipaza sauti.

Mshereheshaji alikuwa Ngarambe, shemasi kutoka Columbus, mtu mstaarabu. Akampa.

Wakamwomba bibi arusi atafsiri, kwa kuwa wazee hawakuelewa. Chimène amewatafsiria wazazi wake tangu ana miaka kumi na sita, hospitalini, shuleni, kwa watu wa umeme, na ana ugonjwa mmoja: hawezi kuruka neno. Alisimama na shela lake.

"Anasema wametoka kwenye mji mdogo, mbali, na wanatupenda," alianza. "Anasema jana walisikia kwamba kuna familia ya wakimbizi Shively haina chakula cha harusi. Anasema hawakulala. Anasema baba wa bibi arusi alionekana kwenye shamba la Delbert akichuma..." Alisita. "Papa?"

"Tafsiri," alisema Rugaba.

"...akichuma majani ya nguruwe, na alikuwa analia kwa njaa. Anasema kanisa lao haliwezi kukubali mtu aozeshe binti kwa majani ya nguruwe. Anasema Mungu ni mwema."

Wale kina mama walipiga makofi. Waliobaki wote walikuwa wamegeuka kumwangalia Mugisho.

"Sikununua!" aliruka. "Jani la kununua hakuna! Nimechuma na hii mikono, angalieni, bado iko kijani!"

"Ulisema shamba yako," Rugaba alisema. "Nyuma ya nyumba yako."

"Nilisema hivyo?"

Simu kumi zilikuwa zimeshatoka mifukoni. Sauti ya Mugisho ikajaza hema mara kumi, kila simu ikichelewa kidogo nyuma ya mwenzake, shamba yangu, shamba yangu, nyuma ya nyumba yangu, nyumba yangu. Rugaba alinyanyua uma. Kwenye ncha yake kulikuwa na haragwe moja la Miss Darlene.

"Na hii? Hii iko ya kopo. Iko kwenye sahani yangu, nyumbani kwako. Imenunuliwa."

"Haragwe si jani!"

"Ni la kijani."

"Hata chura ni wa kijani, mkwe! Chura ni jani?"

Hapo meza ziligawanyika. Louisville walisema haragwe ni tunda. Buffalo walisema ni mboga na mboga ni jani. Mama mmoja wa Columbus alisema yeye amesomea lishe na akaombwa akae. Miss Darlene, akiona watu wamesimama wanapiga kelele na kunyoosheana maharage, alimwambia mwenzake kwamba hajawahi kuona watu wanaofurahia chakula kiasi hiki, akaenda kuongeza.

Ngarambe alichukua kipaza sauti chake. Alisema harusi ina masaa yake na hema limelipiwa mpaka jioni, kwa hiyo angekata kesi upesi. Kwenye haragwe, Mugisho ameshinda. Kwenye shamba, ameshindwa. Na aliyeapa kwa mambo matatu, likianguka moja yameanguka yote.

Mugisho alikuwa na hoja nyingine sita. Zilionekana usoni zikipanga foleni. Lakini alimwona Chimène amesimama pale na shela, anamwangalia jinsi alivyokuwa akimwangalia kwenye vyumba vya kungojea vya hospitali, kama mtu anayesubiri kujua atatafsiri nini sasa.

"Bon," alisema. "Mtoto ni Rugaba." Akakaa.

Watu walipiga makofi, muziki ukafunguliwa. Nyirabeza alimletea sahani, hakuigusa. Alikuwa na uso wa mtu aliyezika mzee wake mara ya pili, tena safari hii mbele ya wageni na makaroni. Earl, aliyekuwa amealikwa akavaa tai ya mwaka 1981, alidhani ni uchungu wa kumtoa binti. Akampigapiga mgongoni, akamwambia wote huondoka, Mo, na kwamba angemkatia nyasi tena wiki ijayo.

Mtoto alizaliwa Buffalo, mwezi wa tatu 2016. Rugaba ndiye aliyepiga simu.

"Mkwe, amezaliwa. Mvulana. Kilo nne."

"Mungu asifiwe," Mugisho alisema, na akameza mate kama mtu anayemeza kwinini. "Rugaba mdogo hajambo?"

Rugaba alikohoa.

"Mkwe? Umenisikia? Rugaba mdogo."

"Anaitwa Jayden," alisema Rugaba.

"Jayden ni nani?"

"Mtoto."

Mugisho aliomba likizo ya siku tatu. Aliendesha masaa tisa, akapita Columbus bila kusimama kwa Selpher maana bado wamenuniana, akafika Buffalo theluji haijayeyuka. Mtoto alikuwa mzuri, mwenye kichwa kirefu cha ukoo wa Rugaba na hasira za upande wa pili. Wazee wawili waliketi kwenye kochi la Chimène, kofia magotini, kama watu walioitwa polisi.

"Mama," Mugisho alianza kwa upole, "hili jina, Jayden, ni la nani? Ni la mtu? Alikufa?"

Chimène alimjibu kwa Kiingereza, lugha anayoitumia akitaka mazungumzo yaishe. Alisema walimpigania mtoto wake kwa kipaza sauti kabla hajatungwa mimba. Alisema alitafsiri ule ugomvi wote kwa midomo yake mwenyewe siku ya harusi yake, na katika watu mia mbili, hakuna hata mmoja aliyemgeukia kumuuliza. Alisema yeye na mume wake walipenda Jayden. Akaongeza, kwa Kiswahili sasa, "Chai iko jikoni," akaenda kumnyonyesha Jayden.

Wazee walikunywa chai. Darasani kwa mtoto huyo, miaka mitano baadaye, watakuwapo Jayden wanne. Lakini hilo walikuwa hawajalijua, na uchungu wa siku hiyo uliwatosha.

"Ni wewe uliweka dau," Rugaba alisema.

"Na wewe ulipokea."

"Nilipokea." Rugaba alizungusha kikombe. "Mi nina Rugaba sita tayari, mkwe. Ile ya saba nilitaka tu nione umenyamaza."

Kesho yake Rugaba aliomba ruhusa kule Lackawanna, wakaenda pamoja mjini, kwenye jengo kubwa la mahakama. Walipanga foleni nyuma ya watu wa faini za kuegesha magari. Walipofika dirishani Mugisho alivuta pumzi, akatafuta Kiingereza, akasema kuna tukio limetokea kwenye jina la mtoto na wangependa kulirekebisha kwa usalama.

Karani aliwasikiliza mpaka mwisho. Akawaambia lazima wazazi wa mtoto wenyewe watie sahihi. Walisema wanaelewa. Aliwaambia fomu moja ni kwa jina moja. Walitazamana, wakaomba fomu mbili, moja ya Bagula na moja ya Rugaba, na Mugisho akauliza bei.

Dola mia mbili na kumi kila moja.